Sauti Chini ya Kasida

Nimefundisha Kiswahili takriban umri wangu wote, na kama kuna maneno yanayonichefua ni "vifaa vya kisasa". Husemwa na watu waliovaa tai, semina ikikaribia kwisha, sambusa zikiwa njiani. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba kifaa ukikiingiza darasani, kiwe chaki au kompyuta, kina swali moja tu la kujibu: mtoto ameweza kusema kitu ambacho bila kifaa hicho angebaki nacho moyoni? Kama hakuweza, umeleta pambo.

Kifaa changu kilikuwa redio kaseti. Kaka yangu aliyehamia Maskati aliniletea alipokuja kututazama, na mimi nikaichukua kwenda nayo shamba, kwa maana nilikuwa nimepangiwa skuli ya kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Unguja. Mama yangu, mtu wa Mji Mkongwe asiyetoka ila kwenda harusini na msibani, alilalamika kwamba chumvi ya huko itaila. Kweli ikaila. Mlango wake wa kanda ukawa haufungi, tukaubana kwa mpira.

Kijijini watoto walikuwa na lugha yao ya nyumbani, tamu, ya mbio, na sisi walimu wa mjini tulizoea kuwasahihisha mpaka wakanyamaza. Wapo waliomaliza skuli bila kuinua mkono hata siku moja. Ndipo nikaanza kuwapa redio kwa zamu. Kila mmoja aende nayo kwao, amrekodi mtu mzima akieleza kazi yake, kisha tuisikilize sote darasani na aliyerekodi ajibu maswali. Kanda zilizokamilika nilizitia kabatini, na kila moja nilivunja vile vijimeno vya plastiki mgongoni, ili mtu asije akarekodi tena juu yake.

Alikuwapo msichana aliyekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha. Ukimwita alisimama, akatazama miguu yake, akasubiri umwambie kaa. Walimu wenzangu walisema ni mzito. Zamu yake ilipofika akamrekodi mama yake, mkulima wa mwani, akieleza namna ya kuufunga mwani kwenye kamba. Kanda ilianza kwa kelele za upepo, kisha mwanamke akacheka, akauliza kama hicho kidude kinamsikia. Akaeleza kwamba ukikaza sana mwani hukatika, ukilegeza sana bahari huuchukua, na kwamba mkono hujifunza wenyewe, hauhitaji kuambiwa. Alizungumza kwa lugha ya kwao tupu.

Darasa lilicheka kwanza. Kisha mtoto mmoja akauliza kamba inafungwa kwenye nini, na yule msichana akajibu. Mwengine akauliza maji yakijaa ghafla inakuwaje, akajibu tena, akatoka mahali pake, akaja mbele, akavua ushungi wa shingoni kutuonesha fundo. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Nilisimama pembeni nikijizuia nisilie, maana kilio cha mwalimu ni habari ya kijiji kizima.

Mwaka ule ule mama yake alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Nilikwenda mazikoni. Nyumba ilikuwa ndogo na wanawake wamejaa hadi uani, na yule msichana alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na bibi yake, kimya kama zamani. Aliponiona aliinuka, akanishika mkono.

"Mwalimu, ile kanda ipo?"

"Ipo, mwanangu. Ipo kabatini."

"Nnataka kumsikia."

Bibi alimvuta akae. "Si sasa," alisema. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole: "Bi mwalimu, mtu hajapumzika hata. Tusimwite. Arubaini ipite, isomwe khitma, ndipo mtoto amsikilize mama yake. Mtuwekee."

Wapo watakaosema dini haikusema hivyo. Sikuwa na ubavu wa kubishana na mzazi aliyemzika bintiye asubuhi ile, na kusema kweli nami niliona ni heshima. Nikasema naam, nitaiweka. Msichana akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo kila tulipokutana uwanjani alinitazama tu, nami nikamwambia, "Ipo."

Kumbe siku hizo ndizo kompyuta zilipokuwa njiani. Wafadhili walituletea, zikaingizwa chumba kilichokuwa stoo, kuta zikapakwa rangi na mlango ukatiwa kufuli jipya. Mke wa mwalimu mkuu alizifumia vitambaa vya kuzifunika, vyeupe, vyenye maua, kama tunavyofunika televisheni majumbani. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nikapelekwa mjini kwenye semina ya kuzijua. Tulifundishwa kuziwasha, na zaidi tulifundishwa kuzizima, kwa kuwa ukizima vibaya zinaharibika. Mkufunzi alirudia mara nyingi kwamba teknolojia imeleta sauti ya mwanafunzi darasani. Nikaandika, nikafikiri, huyu angekuja kusikiliza kanda zangu.

Niliporudi skuli, ufunguzi wa chumba cha kompyuta ulikuwa umeshafanyika. Watoto walikuwa wamewasomea wageni kasida nzuri sana, kila mtu aliisifu. Na ili waihifadhi, mwalimu mkuu alikuwa ameirekodi kwa ustadhi wa chuo cha Kurani, akawa anawachezea kila siku mchana.

"Maalim," nilimuuliza, "kanda umepata wapi?"

"Kabatini mwako. Ilikuwa imevunjwa meno, nikaziba matundu kwa karatasi, ikakubali kurekodi." Alikuwa anatabasamu, anangoja shukrani.

Hakuna nyumba Unguja isiyojua ujanja huo wa karatasi. Harusi ya dada hurekodiwa juu ya taarabu ya zamani, na hotuba juu ya harusi. Alikuwa mtu mwema, hajui kilichokuwamo. Niliitazama kanda mkononi, nikaona jina la yule msichana, nililoliandika kwa mkono wangu, limekatwa kwa mstari na juu yake pameandikwa "Kasida ya wageni". Nikaingia darasani tupu, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira kuliko nilivyolia mazikoni.

Arubaini ilipita. Msichana akaja baada ya skuli, amevaa nguo safi kama anayekwenda Iddi.

"Shikamoo, mwalimu. Bibi kasema sasa ruhusa."

Nilimweleza yote, bila kumficha, bila kumtupia mtu lawama. Hakulia. Alisema, "Tusikilize hivyo hivyo." Nikatia kanda, nikaibana na mpira, tukakaa kwenye dawati moja.

Kasida ikaanza. Ustadhi aliimba ubeti baada ya ubeti, akiwakaribisha wageni wa mbali, akiwaombea safari njema. Sijapata kuchukia sauti nzuri kama ile. Nilitaka kuipeleka mbele, yeye akanizuia kwa mkono. Tukaisikiliza hadi mwisho, ustadhi akakohoa, redio ikagota, na ghafla ukaja upepo.

Upepo wa kwao, pwani. Kisha sauti ya mama yake. Maneno nayaandika kwa Kiswahili cha mjini kwa kuwa cha kwao sijui kukiandika:

"Basi, mwanangu, yatosha. Zima, betri zitakwisha."

Ndiyo yaliyobaki. Baada ya hapo kanda ilikuwa tupu, inavuma tu. Nilinyoosha mkono nizime, kama mama mtu alivyosema, maana betri zangu zilikuwa za mwisho.

"Usizime, mwalimu," alisema. "Siku ile sikuzima. N'liiacha kidogo, yeye akawa ananitazama."

Akasogeza sikio karibu na redio. Tukakaa, mimi na yeye, tukisikiliza mvumo ule, hadi betri zikaisha.