Mstari wa Tatu, Kiti cha Kumi na Nne

Kazi yangu ni tochi. Nawaonyesha watu viti vyao gizani, nawafukuza wanaojipandisha daraja wasilolilipia, na mtu akikoroma namgusa bega. Nimeifanya miaka kumi na mmoja katika ukumbi mmoja wa maigizo, na katika miaka yote hiyo mtu niliyemheshimu kwa dhati pale ndani ni mmoja tu, naye hakuwahi kupanda jukwaani. Alikuwa muuza tiketi. Sote tulimwita Mama Dirisha, na hata bintiye alipokuja kumletea chakula aliulizia kwa jina hilo.

Kijichumba chake kilibanwa kati ya ngazi na ukuta wa ukumbi. Mbele kulikuwa na kioo chenye tundu la sauti na mwanya wa kupitishia mkono, nyuma ukuta mtupu, kando mlango wa chuma. Mlango huo ulifungwa kwa kufuli, tena kwa nje. Zamani, kabla sijaajiriwa, mwizi aliingia akapora mapato, basi meneja akaamua kwamba muuza tiketi afungiwe humo na fedha zake mpaka mhasibu aje kuzichukua wakati wa mapumziko. Mwizi hakurudi tena, kufuli likabaki. Niliwahi kumuuliza meneja itakuwaje moto ukizuka. Akaniambia nishughulike na tochi yangu.

Kwa hiyo Mama Dirisha alikaa pale miaka kumi na tisa akiisikia michezo kupitia ukutani. Mchezo mzuri aliujua kwa jinsi watu walivyonyamaza, na mbovu kwa jinsi walivyokohoa. Hakuwa ameona hata mmoja tangu pazia lifunguliwe mpaka lifungwe. Lakini viti alivijua vyote, mia nne na kumi na viwili. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, aliingia na daftari, akakaa kwenye kile alichokitilia shaka, akainama huku na huku, akaandika. Alikuwa akiniambia kwamba mstari wa kwanza ni wa watu wa kutaka kuonekana: unalipa bei ya juu kuliko wote halafu miguu ya waigizaji huioni, maana ukingo wa jukwaa unaikata. Roshani ni bei poa, ila utakwenda nyumbani ukiwa umeona vipara zaidi ya nyuso. Kulikuwa na viti sita nyuma ya nguzo ambavyo meneja aliviuza bei sawa na vya jirani zake, eti nguzo zenyewe ni nyembamba. Hivyo Mama Dirisha aliviuza mwisho kabisa, na aliyekiangukia alimnong'oneza ainamie kushoto.

Kwake hiyo ilikuwa kama ibada. Uliyefika kwanza na pesa yako ya daraja la pili, ulipata kiti kinachoona vizuri kuliko vyote vya daraja la pili, uwe umevaa suti au kandambili. Nimewaona wakubwa wakimbembeleza kwa maneno matamu na wakaambulia nguzo.

Sisi wafanyakazi hatukupewa cha bure hata siku moja. Meneja wetu ni mkono wa birika, na alisema anayefanya kazi hapa akitaka kutazama anunue kama mwananchi. Mwenzangu wa tochi alimkalisha shemeji yake kwenye ngazi za roshani siku moja tu, kesho yake akaambiwa aache tochi mezani aende zake. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Sasa bintiye. Msichana huyo alikuwa kwenye kikundi cha waigizaji miaka mitatu, akibeba meza na kushona vifungo, akisubiri. Shangazi yake, dada wa marehemu babake, ambaye ndiye aliyemlipia ada ya shule, alikuwa akimwita mpiga vichekesho asiye na kazi, na hakuwahi kukanyaga ukumbini. Jumatatu moja mwigizaji mmoja akaugua, na binti akaambiwa ashike nafasi yake kwa siku mbili za mwisho, Jumamosi na Jumapili, maonyesho ya mchana yote mawili. Ilikuwa sehemu fupi: mwanamke anayekuja kuchukua sanduku lake katika nyumba aliyofukuzwa, anasema yake, anatoka. Dakika nane, kabla tu ya mapumziko.

Jumapili tiketi zilikuwa zimekwisha tangu wiki iliyopita. Mama Dirisha mwenyewe ndiye aliyebandika kibao, na dirisha lilikuwa lifungwe siku hiyo. Za Jumamosi zilibaki chache. Akanunua mstari wa tatu, kiti cha kumi na nne, daraja la kwanza, ujira wake wa siku nne. Ndicho kiti bora katika ukumbi ule, hilo nililijua kwa kuwa aliliandika daftarini kwa wino mwekundu. Kwamba alichonunua ni hicho, hakumwambia yeyote ila bintiye. Alijua tungemtania mwezi mzima.

Ruhusa aliiomba kwa heshima zote, na meneja akakubali. Ikapangwa hivi: kengele ya pili ikilia, mhasibu aje afungue kufuli, karani wa ofisini aingie badala yake, naye aende akakae kitini kwake kama watu wengine.

Jumamosi ile alikuja na gauni alilolivaa siku ya mahafali ya bintiye, na kitambaa cheupe kichwani. Nilimwambia amependeza kiasi kwamba wateja watadhani tiketi zimepanda bei. Akacheka, akaingia kibandani, mhasibu akafunga kufuli kama kawaida.

Kengele ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Karani akaja, akasimama mlangoni, mhasibu haonekani. Karani akapanda ngazi kumtafuta ofisini, hayupo, akazunguka nyuma, hayupo. Simu yake ilikuwa imezimwa, kwa sababu ukutani tumeandika kwa herufi za mkono mzima kwamba simu zizimwe. Foleni ilikuwa mpaka barabarani. Mama Dirisha aliuza tiketi huku macho yakiruka kila mara kwenye ule mlango wa chuma.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana ndiyo iliyotuponza. Kengele ya tatu ikilia, kiti kisicho na mtu huuzwa upya kwa nusu bei kwa wanaosubiri nje. Mimi napita na tochi, naandika namba za viti vitupu kwenye karatasi, nambwagia Mama Dirisha kupitia mwanya wa kioo, naye anaviuza kwa dakika tano. Wakishaingia hao, milango inafungwa na haifunguliwi mpaka mapumziko. Siku ile niliandika namba saba. Ya tatu kutoka juu ilikuwa mstari wa tatu, kiti cha kumi na nne. Niliiandika kama ninavyoandika zote, mkono ukienda wenyewe.

Na yeye aliuza kama anavyouza zote. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa makamo, naye na kitambaa cheupe kichwani, akauliza kama bado kuna kiti cha kuona vizuri. Mama Dirisha akapitisha jicho kwenye karatasi, huku sikio likiwa mlangoni, akachagua kilicho bora kuliko vyote saba. Akamwambia, "Hapa hutakosa kitu, mama," akakata kipande, akampa. Akauza cha pili, cha tatu. Alipofika cha nne nikamwona ameshika kalamu hewani. Aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Hicho kilikuwa changu," akasema.

Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nilikuwa nimechelewa. Yule mama nilikwisha kumwongoza mimi mwenyewe, nikamkalisha, nikamtakia mchana mwema. Lakini nikamwambia kiti si hoja, nitamtafutia pengine, cha muhimu atoke. Nikaingia ukumbini kumtafuta mhasibu.

Nilimkuta. Alikuwa mstari wa kwanza, katikati, kati ya meneja na wafadhili. Meneja alikuwa amemwita akae nao ili wafadhili wapate wa kuwaeleza hesabu za ukumbi zinakwendaje. Taa zilikuwa zimekwisha kuzimwa. Nikapita nimeinama, nikanong'ona kwamba funguo zinahitajika. Mhasibu akaweka mkono mfukoni, naapa aliuweka, na meneja akageuka akanikata jicho, akaelekeza kidole mlangoni. Mhasibu akautoa mkono mtupu. Akaninong'oneza, "Mapumziko."

Ningeweza kusema neno moja zaidi. Ningeweza kusimama pale mpaka wapende wasipende. Nilimkumbuka mwenzangu aliyeacha tochi mezani, nikafyata mkia, nikatoka. Sijajisamehe kwa hilo na sidhani nitajisamehe.

Nje nilimfuata fundi wa jukwaa uani, nikaazima nyundo. Kufuli lenyewe lilikuwa la zamani, mapigo matatu lingeng'oka. Nilipoinua mkono, Mama Dirisha akapiga kioo kwa kiganja, taratibu.

"Usigonge," akasema. "Ukuta huu ndio huohuo wa jukwaa, na mwanangu yuko nyuma yake anasubiri. Atasikia, atashtuka, atasahau maneno yake."

"Mama, hutamwona."

"Najua. Weka chini hiyo nyundo, baba."

Nikaiweka. Karani akaenda zake kuketi ofisini. Tukabaki wawili, yeye ndani ya kioo, mimi nje, katika ukumbi wa kuingilia usio na mtu. Akageuza kiti chake akakaa kuuelekea ukuta, akauegemeza uso. Zaidi ya saa nzima alikaa hivyo. Kuna dakika nilimwona amefumba macho nikadhani amesinzia, kumbe alikuwa akihesabu kurasa, maana mchezo huo alikuwa ameusikia wiki nzima na alijua wapi wamefika.

Kisha akainua kidole. Hata mimi niliisikia sauti, nyembamba kwa sababu ya ukuta, lakini ilikuwa ya bintiye. Maneno hayakusikika yote. Mahali fulani watu walicheka, na Mama Dirisha naye akacheka, kachelewa kidogo. Kisha ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa ule unyamavu aliokuwa akinisimulia, usio na kikohozi hata kimoja. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitamani ardhi inimeze, mtu mzima na tochi yangu, natazama mgongo wa mama anayelia kwa ajili ya kitu kilichoko hatua kumi kutoka alipokaa.

Makofi yakaja, pazia likashuka, milango ikafunguliwa. Mhasibu akateremka akijipepea kwa karatasi ya ratiba, akafungua kufuli, akasema pole mama, unajua tena wakubwa wakishakuita. Mama Dirisha akamkabidhi fedha, akatoka, akajifuta uso. Alikuwa bado hajamaliza kukunja leso pale binti alipotokea mlango wa pembeni, rangi za jukwaani usoni, akipenya katikati ya watu mbio. Akamrukia mamake shingoni.

"Nilikuona," akasema. "Mama, taa zinapiga machoni huoni kitu, lakini mimi nilikuona. Kitambaa chako. Nilipoweka sanduku chini ukajifuta macho. Yote niliyasema nikikuangalia wewe, woga ukaisha."

Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua. Mama Dirisha alinitazama juu ya bega la bintiye, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

"Nililia," akamwambia bintiye, na huo haukuwa uongo.

"Ulinionaje? Niambie ukweli."

Akamweleza. Akamwambia kwamba pale alipoweka sanduku taa inaangukia upande wa kushoto wa uso, kwa hiyo alipogeuka mlangoni, nusu ya uso iliingia gizani na ikapendeza. Akamwambia kwamba kutoka mstari wa tatu mtu anaona mpaka vidole vya miguu, na vidole vyake vilikuwa vimetulia, havikuonyesha hofu. Alieleza kama mtu aliyekuwepo. Ningekuwa sijui ningeapa kwamba alikuwepo. Binti alisikiliza kinywa wazi, machozi yakimchora mistari kwenye zile rangi.

Kisha akachomoa kitu kwenye mkanda wa vazi lake, akakiangalia, akacheka.

"Basi nilifanya vizuri," akasema. "Waigizaji wenzangu wote wamepewa na kikundi tiketi moja ya bure ya kesho, ya kuaga. Mimi hawakunihesabu, lakini asubuhi yule mgonjwa kaniletea yake. Nikasema hii ya mama, amechoka kusikia ukutani, kesho dirisha limefungwa, aje atazame tena. Halafu nilipokuona pale mbele, nikajiambia mama amekwisha kuona, tena kwa kiti bora. Nimempigia shangazi sasa hivi. Mama, amekubali. Shangazi anakuja. Amesema atavaa apendeze."

Mama Dirisha aliitazama ile tiketi. Karatasi ile ilikuwa karibu kabisa na mkono wake. Ningekuwa mimi ningeichukua, nikasema yote, kufuli, nyundo, mhasibu na meneja wake, liwalo na liwe. Naye alikuwa na haki kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

"Umefanya la maana," akasema. "Shangazi yako akuone."

Kengele ililia, binti akaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa pembeni, bado ameshika mkono wa mamake.

"Na wewe kesho upumzike nyumbani," akasema. "Umekwisha kuona."

"Ndiyo, mwanangu," akajibu. "Nimekwisha kuona."