Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Juzi nilikuwa saluni Lemara, kichwa kimejaa dawa, dada wa saluni akaweka kwenye simu albamu moja ya muziki wa kantri. Kama umekulia huku kwetu unaijua hata nisipoitaja: ile ya mzungu mwenye sauti nzito, iliyouzwa mpaka ikaingia kila nyumba kuanzia Elerai hadi Usa River. Ulipofika wimbo wa nne wa upande wa pili, nikajikuta nimeng'ang'ania mikono ya kiti.

Kwa bibi, juu kidogo ya Usa River, tulikuwa na kaseti yake. Ilipigwa kila alasiri wakati wa kukamua. Babu alikatakata migomba ya kumlisha ng'ombe, bibi alikamua, nasi wajukuu tuliimba Kiingereza tusichokijua huku tukisubiri kulamba povu la maziwa. Siku moja babu, vidole vimejaa utomvu, alitaka kuzima redio akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Tangu hapo, katikati ya ule wimbo, mzungu alinyamaza na babu akaingia: "Mama watoto, leta ndoo, ametulia!" Panga likasikika likikata mgomba, kisha mzungu akaendelea. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Babu alifariki msimu wa mvua, tukamzika mgombani nyuma ya banda, kama ilivyo desturi yetu. Nilidhani bibi ataificha ile kaseti. Wapi! Matanga yalipoisha tu, aliiweka. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, banda halionekani vizuri. Babu alipoita, bibi aliitika, "Nakuja," akabeba ndoo. Ng'ombe aligeuza kichwa. Hakutazama redio, alitazama mgombani, akashusha maziwa. Ikawa hivyo kila siku. Mimi niliogopa sana, usidhani natania. Nilikuwa najificha nyuma ya bibi nimeshika kanga yake. Lakini bibi alikuwa na raha, na bila sauti ile hakukaa kukamua.

Siku moja redio ikameza mkanda. Bibi akamwita baba mdogo, mfanyabiashara wa mjini, ambaye hakuwahi kutukuta wakati wa kukamua. Aliuvuta mkanda uliokunjamana, akautupa jikoni kwenye moto kabla hatujasema neno, na kesho yake akaleta kaseti mpya yenye picha.

"Mama, usihangaike. Hizi zimejaa mjini, zote ni zilezile."

Alasiri ile tukaiweka. Wimbo ukafika palepale, na mzungu hakunyamaza. Aliimba maneno ambayo hatukuwa tumeyasikia tangu babu ayafunike. Ng'ombe aligeukia mgombani, akangoja. Bibi alisimama na ndoo mkononi mpaka wimbo ukaisha.

"Anaimba vizuri," alisema kwa upole, ili mwanawe asijisikie vibaya. "Ila amekaa mahali pa mtu."

Siku hizi banda halipo, na bibi tulishamzika pembeni ya babu. Albamu bado inapigwa kila mahali, nzima, bila mkwaruzo. Nimejaribu mara nyingi kumsikia babu kichwani mwangu wimbo ule ukifika pale. Maneno yake ninayo yote. Sauti yenyewe imenitoka.