Kiganja cha Kinyozi

Mjomba wangu ni kinyozi. Kuunda mashua alijifundisha mwenyewe, na kwa kuwa hajawahi kuzamisha hata moja, mtaani wanamwita Nahodha. Mashua imelala barazani, pale pale palipokuwa na cherehani ya mkewe. Cherehani imehamia chumbani, na mjomba sasa analala amejikunja.

Mbao zilimtii. Kilichomshinda ni gundi ya epoksi, ile ya makopo mawili unayochanganya na kupaka, ikauke kama kioo, maji yasipenye. Kila akipaka, ubavu unang'aa kidogo, halafu gundi inajikunyata na kuacha vijishimo, utadhani mashua imeugua ndui. Anaiparua kwa msasa, anapaka upya. Ndui inarudi.

Mjomba akatafuta mchawi. Kwanza muuza gundi: "Kaniuzia uji yule!" Kisha unyevu. Kisha mbao. Mwishowe mimi, eti nimepita karibu nikihema.

"Baba," mkewe akamwambia, "paka mara moja ya mwisho. Ikikataa, naikata niweke rafu za vitambaa."

Hakuwa anatania. Msumeno alishauazima.

Mjomba akawa akitoka kazini moja kwa moja anashika msasa. Akimaliza kipande anakipapasa taratibu, macho kayafumba, kama anavyopapasa kichwa alichotoka kukinyoa.

"Laini! Upara wa bwana harusi!"

Akapaka. Asubuhi, ndui.

Mke wa mjomba akatoka na msumeno. Akainama kutafuta pa kuanzia, akabaki ameinama.

"Nahodha, hebu njoo."

"Nije kuaga?"

"Njoo uweke mkono hapa."

Vijishimo vilikuwa vimejipanga: kiganja na vidole vitano, cha kati kimepungua ncha. Mjomba alikatwa ncha ya kidole hicho na mkasi wake mwenyewe enzi za ujana. Akaweka mkono. Ukaenea kama mguu kwenye kiatu chake.

"Mafuta ya nywele," mkewe akasema. "Unashinda unapaka watu vichwa, ukirudi unaipaka mashua. Gundi itashika wapi?"

"Mikono si naosha?"

"Unailowesha. Foronya zangu zinakujua."

Mashua ikaoshwa kwa sabuni, ikakaushwa, ikapigwa msasa, ikafutwa kwa kitambaa safi. Mkewe ndiye aliyepaka. Mjomba alipewa kigoda na kuamriwa aikalie mikono yake.

Gundi ilikauka safi, unajiona uso. Msumeno ukarudi kwa mwenyewe.

Majirani wakija kutazama, mjomba huwaeleza kwamba lilikuwa tatizo dogo la kitaalamu, akaligundua. Wakinyoosha mkono, anaruka: "Usiguse! Watu wengine na mafuta yenu, hamna adabu!"

Yeye mwenyewe anaizunguka mikono ikiwa nyuma, roho inamuuma. Jana alisimama kando yake muda mrefu, akageuka, akaniona.

"Mpwa wangu," akasema kwa upole, "nywele zako zimezidi. Lete kigoda."

Leo kichwa changu ni laini kama mashua. Amekipapasa mpaka akatosheka.