Mtani Aliyeogelea Mkekani

Bakili alitoka Masasi mikono mitupu, akajifunzia uchoraji barazani kwa Indravadan, muuza rangi za baiskeli Mtaa wa Msimbazi. Kazi yake ilikuwa tembo, bata na chui. Wanunuzi hawakutaka zaidi ya hayo. Kisha zikaja habari za maonyesho Mnazi Mmoja: wachoraji waonyeshe jinsi watu wanavyoishi na maafa. Mwenzake akachora Wamasai wakichunga chini ya mlima unaotapika moto. Bakili hakuwahi kuuona mlima huo. Alichokijua ni mafuriko ya bondeni, yaliyomchukua jirani yake, Onesphory.

Akachora matanga ubaoni. Uani, mtani wa marehemu amelala kifudifudi mkekani, anapiga mbizi vumbini, anaiga majigambo ya Onesphory: "Mimi samaki, mto huu unanijua!" Waombolezaji wanacheka. Ndivyo ilivyokuwa. Mtani ana haki hiyo, na siku ile kicheko kilikuwa dawa.

Ila picha ilipokauka, akaingiwa na shaka. Akamwita Evarista, mjane wa marehemu, aione kwanza. Akikataa, haiendi popote.

Evarista aliitazama mpaka Bakili akaanza kubandua rangi kwenye kucha zake.

"Huyu ndiye mtani wetu?"

"Ndiye, shemeji."

"Mtani aliinuka, akanawa, akala wali wetu, akaenda zake. Huyu wako atainuka lini?"

Hilo Bakili hakuliwaza. Utani wa msibani huisha na msiba; ubao haujui kuanua matanga.

"Niifute, shemeji?"

"Nimesema ufute?" Akasogea karibu zaidi. "Na mimi niko wapi?"

"Sikukuweka. Niliona haya."

"Nilikaa mlangoni. Niweke."

"Ukicheka, au ukilia?"

"Kwani wewe hukuwepo?"

Alikuwepo. Alikumbuka mabega yakitikisika ndani ya nguo, uso hakuuona. Hata sasa alimtupia jicho la wizi, asiambulie kitu. Akachora mwanamke mlangoni, amejifunika kanga ya maua gubigubi.

"Ilikuwa kaniki," Evarista akasema.

Bakili akayafunika maua kwa rangi nyeusi. Evarista akaokota kikapu, akashika njia ya sokoni bila kuaga.

Bakili akaubeba ubao mbichi hadi Mnazi Mmoja, hajui ameruhusiwa au amelaumiwa. Mpokeaji wa picha akainama, akamnyooshea kidole yule wa mlangoni.

"Huyu mama anafanya nini?"

"Amekaa," Bakili akajibu.