Sahani Hairudi Tupu

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama bibi kwenye nyumba ya wazee. Mhudumu, mama mmoja Mkongo, alinipokea mlangoni: "Lady yako hajakula tangu asubuhi, dada." Wazee wote wa kike pale huwaita hivyo. Lakini mimi, rafiki yangu, neno hilo lilinirudisha utotoni, mtaa wa Thornton Heath huku Uingereza, jikoni kwetu.

Kila Jumamosi bibi alikanda unga wa chapati. Aligandamiza kwa ngumi mpaka meza ikalia, nasi watoto tukigombania donge la kuchezea. Nguo zetu zilinuka samli hadi Jumatatu shuleni. Nilichekwa, wala sikujali. Chapati za kwanza nilizipeleka kwa jirani, Mwingereza aliyeishi peke yake, mwalimu mstaafu. Bibi alishamfundisha kwamba sahani ya watu hairudi tupu, naye aliishika desturi hiyo kuliko sisi. Mara ilirudi na tufaha, mara na kopo la maharage.

Siku moja alikuja na sahani tupu, uso umemshuka. Ndani hamna kitu, alisema, ila analo neno, nami nilitafsiri. Hapo kale, Kiingereza kikiwa bado hakijafanana na hiki cha leo, lady lilitokana na mkate na kukanda: ndiye mwanamke anayekanda mkate. Lord, yaani bwana, alikuwa mlinzi wa mkate huohuo. Mambo ya vyeo yalikuja baadaye.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe miaka yote mie lady, na hamniambii!" Akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Mwambie imerudi imejaa."

Tangu siku hiyo, usipomwita lady alikuwa haitiki.

Mwalimu tulishamzika. Wanangu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na chapati wanazozijua ni za pakiti. Kwa hiyo Jumamosi hiyo iliyopita, kabla ya kutoka nyumbani, nilikanda mwenyewe, nikazipanga kwenye sahani ileile, nikijidanganya kwamba harufu tu ingetosha kumrudisha bibi.

"Lady, kula," nilimwambia.

"Lady ndiye nani?"

Nilimweleza yote, unga, jirani, lile neno. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha akaisukuma sahani taratibu kuelekea kwangu.

"Hivi vya watu, mwanangu. Warudishie wenyewe."

Nilirudi nayo kwenye basi, nimeipakata magotini. Chapati zilikuwa zimepoa, na hakuna hata moja iliyopungua. Imerudi imejaa.