Profesa Aliyekwenda Kuwaamkia Ng'ombe

Kwa hesabu ya Mama Coletha, Profesa Konstantini Margwe alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, Hilaria, mama wa Coletha, aliyefunga naye ndoa kanisani kwa kwaya na vigelegele. Wa pili alikuwa Chuo Kikuu cha Kwaraa. "Na huyo wa pili," aliwaambia wenzake wa jumuiya, "ndiye anayetembelewa kila siku."

Hakuwa anamsingizia. Kwa zaidi ya miaka ishirini profesa huyu wa historia alikuwa anaichimba asili ya chuo chake kama mtu anayechunguza ukoo wa mchumba wa binti yake. Wenzake waliandika juu ya vita na watawala. Yeye alitaka kujua ni nani alichimba choo cha kwanza, kengele ilitoka wapi, na wanafunzi wa mwanzo walikula nini siku ya Jumapili. Masika ikifika alivaa mabuti ya mpira, akatia kinasa sauti mfukoni, akapanda bodaboda kwenda kumsikiliza mzee fulani ambaye nusu ya muda angemweleza habari za goti lake. Naye alisikiliza na habari za goti.

Wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Darasani alikuwa akicheka kabla utani wake haujaisha, kwa hiyo mwisho wa utani hakuna aliyeusikia, na darasa zima lilicheka tu kwa kumwona anavyocheka. Alizaliwa hapo hapo Babati, kijijini Singe, kwenye shamba la mbaazi, akasomea mbali, akarudi. Alipoulizwa kwa nini hakubaki huko alikosomea, alijibu kwamba huko hakuna mlima wa kuutazama asubuhi mtu akipiga mswaki.

Sasa chuo kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kitabu cha jubilei. Mwisho wa mwaka huo huo angestaafu. Kitabu kilikuwa kimekamilika, isipokuwa sura ya pili, na sura hiyo ilimkosesha raha hata kwenye makande ya mkewe.

Chuo kilianza miaka ya sabini kama chuo cha ualimu, mabanda manne ya udongo, na mkuu wake wa kwanza aliitwa Mwalimu Elieza. Hata hakijasimama sawasawa, njaa kubwa ikaingia. Mvua zilikata, ghala likabaki na panya, kisha panya nao wakahama. Mabanda yakafungwa. Misimu miwili baadaye mvua zilirudi na mabanda yakafunguliwa. Hapo katikati hapakuwa na kitu, si picha, si kumbukumbu, si mtu wa kusema. Basi Baraza la Chuo likatunga sentensi yake: chuo kilikufa wakati wa njaa, kikazaliwa upya. Na mjini wapo waliomkumbuka Mwalimu Elieza kama mtu aliyekimbia njaa akakiacha chuo kikiwa yatima.

Profesa hakuweza kuiandika sentensi hiyo. Mwalimu Elieza, alipoondolewa chuoni, alikuja kumfundisha yeye sekondari, na siku moja alimwambia, "Konstantini, watu watakuambia chuo kile kilinifia mikononi. Hakikufa." Alipoulizwa kilikwenda wapi basi, mzee alicheka tu, akaomba chai. Baadaye alihamishiwa mikoa ya kusini na kufia huko, na jibu akaenda nalo. Makamu Mkuu wa Chuo, mama mwungwana mzaliwa wa Songea, alikuwa amemvumilia profesa kwa muda mrefu. Mwishowe alimwambia, "Niletee shahidi, Profesa, hata mmoja. Pasaka ikipita kitabu kinakwenda kuchapwa na sentensi ya Baraza." Kwa hiyo jina la mwalimu wake lingezikwa mara ya pili, na safari hii kwenye kitabu chenye jina la mwanafunzi wake kwenye jalada.

Mashahidi aliokwisha kuwatafuta walikuwa wengi, lakini aliyemsumbua zaidi ni mmoja. Huyo alikuwa Tabitha, Mama Melkior, mjane aliyeishi kijiji cha Mutuka, binti wa marehemu Mzee Mosi aliyekuwa rafiki wa Mwalimu Elieza. Profesa alikuwa ameshakwenda kwake mara tatu. Kila mara alikaribishwa maziwa kwenye kibuyu, na kila mara, kabla hajakiwasha kinasa sauti, mama huyo aliuliza swali lile lile.

"Umetumwa na chuo, baba, au umekuja mwenyewe?"

Profesa alijua kanuni za utafiti. Mtu asihojiwe akidhani analazimishwa na wakubwa. Kwa hiyo alijibu kwa upole wote, "Nimekuja mwenyewe, mama. Sijatumwa na mtu. Uko huru kusema au kutosema."

"Haya. Basi mimi sijui kitu."

Alipouliza wakati wa njaa ile nyumba hiyo ilikuwa na ng'ombe wangapi, na walikuwa wa nani, Mama Melkior alisema walikuwa wa baba yake, akamwuliza bei ya mbaazi mjini imefika ngapi.

Jumamosi moja, wiki chache kabla ya Pasaka, profesa alikwenda Mutuka kwa jambo jingine kabisa. Alikwenda kumwona ng'ombe wake. Kwa asiye wa huku, hili linahitaji maelezo kidogo. Mtu wa Babati hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja humwekesha kwa rafiki, mwingine kwa shemeji upande wa Hanang, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule ibaki mbegu. Anayetunza hunywa maziwa, samadi huwa yake, na baada ya muda hupewa ndama wake mwenyewe. Lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe hata akizaa vitukuu. Na mtunzaji mwaminifu hatangazi, maana mali ya mtu haianikwi barabarani. Mgeni akiuliza, wote ni wake.

Ng'ombe wa profesa alikuwa kwa rafiki yake Marseli, Baba Vicent, ambaye alimpa ng'ombe huyo jina la Digrii kwa sababu, alisema, anakula sana na faida yake inachelewa. Wawili hao walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakitaniana, na hapo akaingia afisa mifugo, binti mchangamfu aitwaye Lea, amekuja kuvisha ng'ombe hereni na kuandikisha wenye mali.

"Mzee, hawa wote ni wako?"

"Wangu wote," alisema Marseli bila kupepesa jicho.

"Hata yule mwekundu mwenye paji jeupe?"

"Huyo ndiye kipenzi changu. Nilizaliwa naye."

Digrii akavishwa hereni kwa jina la Marseli, na mwenye Digrii amekaa palepale, miguu imenyooka, akiutazama mlima kama mtu asiyehusika. Ndivyo alivyolelewa. Lea alipotoka, marafiki hao walicheka mpaka Marseli akashika mbavu.

Ghafla profesa akaacha kucheka, akasimama wima, kigoda kikaanguka.

"Marseli! Mimi ni mjinga!"

"Hilo tunalijua siku nyingi," alisema Marseli. "Leo limekuuma wapi?"

Lilimuuma pale kwenye swali la Mama Melkior. Umetumwa na chuo, au umekuja mwenyewe? Hilo si swali la mtu asiyejua kitu. Ni swali la mtunzaji. Huuliza hivyo ili ajue kama aliyesimama mlangoni ametoka kwa mwenye ng'ombe. Naye, mtoto wa Singe aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa kuwekeshwa tangu hajaota meno, alikwenda na kinasa sauti akauliza ng'ombe wa nani, swali ambalo hata mlevi haulizi, kisha kwa kiburi cha usomi wake akaapa mara tatu kwamba hajatumwa! Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Profesa huyu alikuwa hajanyolewa miaka ishirini.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Makamu Mkuu.

"Mheshimiwa, naomba unitume."

"Nikutume wapi, Profesa?"

"Mutuka, kwa Mama Melkior. Nikawaamkie ng'ombe wa chuo."

"Chuo kina ng'ombe?"

"Ndilo ninalokwenda kulijua. Lakini siwezi kwenda mwenyewe. Lazima niwe nimetumwa, na lazima useme kwa mdomo wako."

Makamu Mkuu alimtazama kama mtu anayepaswa kupewa likizo mapema. Kisha akasema, pole pole na kwa heshima, "Nimekutuma." Akaongeza, "Ukirudi, upumzike."

Safari hii kinasa sauti kilibaki mezani. Profesa alinunua ndoo ndogo ya asali sokoni na shuka zito la baridi, kama mwenye ng'ombe anavyompelekea mtunzaji wake, na Mama Coletha akasema hilo haliwezi kumpita. Alipanda naye bajaji, ndoo ya asali mapajani, akamtazama mumewe aliyevaa koti la harusi ya binti yao. "Leo ndiyo unakwenda kwa watu kama mtu," alimwambia.

Mama Melkior aliwapokea ukumbini.

"Shikamoo, Mama Melkior."

"Marahaba, baba. Karibuni. Na leo umekuja na mwenzako!"

Maziwa yakaletwa. Swali likaja, lile lile, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza habari za mvua. "Umetumwa na chuo, au umekuja mwenyewe?"

Profesa alikiweka kibuyu chini.

"Nimetumwa na chuo, mama. Tumekuja kuwaamkia ng'ombe wetu."

Mama Melkior alimtazama profesa, akaitazama asali, akalitazama shuka. Halafu mjane huyu mtaratibu akapiga kigelegele kilichowatimua kuku uani. "Melkior! Melkior, njoo! Wenyewe wamekuja!" Akamgeukia profesa, machozi na kicheko vimechanganyika usoni. "Mara tatu, baba! Mara tatu nakuuliza umetumwa, unanijibu umekuja mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu profesa ni mtu mzuri, lakini ng'ombe si wake."

Kisha akasimulia. Njaa ilipobana, ilitoka amri wanafunzi warudi makwao na mifugo ya chuo iuzwe. Mwalimu Elieza alikuja kwa Mzee Mosi akasema: nikiwarudisha watoto hawa makwao watakuta njaa kubwa kuliko hii, na nikiuza ng'ombe sitakuwa na chuo cha kufungua. Basi akawekesha wote, ng'ombe na wanafunzi. Nyumba hii ng'ombe wawili na wanafunzi wao, nyumba ile vivyo hivyo, na ng'ombe wakawanywesha wanafunzi. Yeye mwenyewe alizunguka nyumba hadi nyumba, ubao mdogo kwapani, akifundisha barazani huku tumbo lake likiunguruma mpaka darasa likasikia. Mitihani walifanyia kwenye ghala la Mzee Mosi, maana lilikuwa tupu. Wageni wakiuliza, Mutuka hakuna chuo; na wanafunzi nao waliapishwa hivyo hivyo, maana amri ilikuwa imevunjwa.

"Mvua ziliporudi aliwachukua wanafunzi wake," alisema Mama Melkior. "Kuhusu ng'ombe, alisema wabaki kwanza, atatuma mtu. Halafu akahamishwa. Baba alimngoja huyo mtu mpaka anakufa. Siku zake za mwisho aliniambia, Tabitha, atakuja mtu aliyetumwa. Usimpe mwingine."

Profesa alilia, na hakujificha. Alilia kwa furaha kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake, na Mama Coletha akampa ncha ya kitenge chake ajifute.

"Na wanafunzi?" aliuliza alipopata sauti. "Walirudi wote?"

"Wote, isipokuwa mmoja." Mama Melkior alionyesha picha ukutani, mwanamume mwembamba mwenye tai. Alikuwa marehemu mume wake, Eustace. "Mtunzaji si hupewa ndama wake? Baba alichukua ndama. Mimi nikamchukua huyu. Alimaliza masomo kwanza, halafu akarudi. Na yeye," akacheka, "alikuja mwenyewe, hakutumwa."

Mama Coletha alicheka hadi maziwa yakamwagikia koti la harusi.

Nyuma ya nyumba Melkior aliwaonyesha uzao wa wale wawili, wamenawiri. Na habari ilipoenea kwamba chuo kimetuma mtu, milango mingine ilifunguka. Wengine ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa, wakasema hivyo waziwazi na kuombwa wasihuzunike. Lakini barazani kwao Mwalimu Elieza alikuwa amefundisha, na waliobaki walimkumbuka hata kwa ule muungurumo wa tumbo. Makamu Mkuu alisoma sura ya pili akiwa amesimama. Alipomaliza alichukua kalamu, akaikata sentensi ya Baraza kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya jubilei jina la Mwalimu Elieza lilisomwa la kwanza, na watu walisimama. Kisha mtamba mmoja wa uzao ule wa Mutuka akaletwa uwanjani na utepe shingoni. Alikula maua ya meza kuu mbele ya wageni wa heshima, na hakuna aliyethubutu kumzuia, kwa kuwa alikuwa nyumbani kwake. Makamu Mkuu alitangaza kwamba mtamba huyo atajengewa banda zuri pale chuoni, akae na wenyewe. Makofi yalipigwa. Mama Melkior, shuka lake jipya begani, akaomba kipaza sauti.

"Asanteni sana kwa banda," alisema. "Lakini mrudisheni kwangu. Chuo kikipata njaa tena, kijue pa kwenda."

Profesa Konstantini aliinuka na joho lake, akashuka jukwaani na kuishika kamba. Jioni hiyo watu wa Singe waliokuwa wanarudi shambani waliwaona wakipita kuelekea Mutuka, profesa mbele na joho lenye vumbi, mtamba katikati, na nyuma wanawake wawili wakimcheka kwa namna anavyoivuta kamba.