Paa la Mosoti Lililoota Sangari

Kama umewahi kung'oa sangari, utamwelewa Mosoti wa Chepilat. Majani yale hutambaa chini kwa chini, na kipande cha mzizi kikibaki, ni kama umepanda upya. Mosoti alikuwa kibarua wa kung'oa sangari katika shamba la chai la mzungu upande wa Sotik, na hakuamini moto wa mtu mwingine. Alibeba mizizi yake kwa gunia mpaka nyumbani aichome mwenyewe. Chini ingeshika udongo, kwa hivyo aliitandaza juu ya paa la nyasi ikauke kwanza. Mnaona alivyofikiria vizuri.

Mwaka wa hamsini na nane mvua ikaja mapema, na paa likaota. Likawa kijani mpaka kileleni. Mbuzi wa jirani walisimama wakilitazama kama watu wanaongojea duka lifunguliwe. Mkewe, Nyamoita, alisema paa limeacha kuvuja, liachwe hivyo.

Lingeachwa, lakini Waafrika walikuwa wameanza kuruhusiwa kupanda chai, na Mosoti, aliyetunza chai ya wengine tangu ujana, alikuwa amekubaliwa kupewa miche. Bethwel, msaidizi wa bwana shamba, alitangaza kwamba atakayekutwa na sangari kwake, miche yake itapewa jirani. Nyamoita aliuliza tangu lini paa likawa shamba. Mosoti akasema hawezi kuhatarisha chai kwa swali kama hilo.

Asubuhi ya kuletwa miche, Nyamoita akiwa mtoni, Mosoti alipanda juu akabomoa nyasi zote, akaziwasha nyuma ya nyumba. Mizizi ilikuwa imekisokota hata kijiti cha kileleni. Akakivunja, akakitupa motoni. Hapo alikosea, kwa sababu kwetu Gusii kijiti hicho huvunjwa mwenye nyumba akifa.

Shangazi yake, Mokeira, alikuwa ng'ambo ya bonde akichuma mboga. Aliona kilele hakina kitu, akaanza kulia. Kilio kikapokewa boma kwa boma, na kabla moto haujazimika watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya Mosoti, wanaume wakiwa na majembe ya kuchimba kaburi. Mosoti, kule nyuma, alisikia kilio, akadhani jirani amefiwa, akasikitika, akaamua atakwenda kutoa pole akimaliza. Moto wa sangari hauachwi peke yake.

Bethwel alipofika na miche alivua kofia. Alimpa Mokeira pole, akasema basi miche itakwenda kwa jirani, Nyakundi. Nyakundi akazidisha kulia.

Mosoti akatokea nyuma ya nyumba, mweusi kwa masizi. "Hiyo miche ni yangu."

"Wewe ni nani?" Bethwel akauliza.

"Mimi ndiye marehemu."

"Mtoto wewe," Mokeira akasema, "umenikausha koo bure."

Nyakundi alishikilia kwamba mtu akishaliliwa hivyo mambo yamekwisha. Bethwel aliingia ndani, akainua macho, akaona mawingu.

"Sangari sioni," akasema. "Hata nyumba sioni." Akashusha miche.

Mosoti akawaambia wanaume kwamba maadamu wamekuja na majembe, wasirudi nayo bila kazi. Wakachimba mashimo ya chai, Nyakundi naye akachimba, akinung'unika.

Jioni mvua ilinyesha, miche ikanywa ikashiba. Nyamoita alijifunika lile gunia la sangari kichwani, akamwuliza marehemu watalala wapi.